Mkuu Afungwe

Sura ya Tisa

Neno ni moja, lakini lina vyumba vingi. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga safari, hufunga ndoa, hufunga Ramadhani. Fundi hufunga feni darini na taa ukutani. Mchezaji hufunga bao, na timu ya pili ndiyo inayofungwa. Mwenye busara hufunga mdomo, na asiyefunga mdomo hufungwa yeye mzima. Mbwana alilifikiria neno hilo miaka mingi hata akaanza kuliogopa, kwa sababu kazi yake katika Jumba la Majina ilikuwa kufunga, na mke wake aliondolewa miongoni mwa watu kwa neno hilo hilo, bila kufa.

Usiniulize Jumba hilo liko mji gani. Lina ghorofa nyingi na ngazi za kupandia tu, anayeshuka hushushwa. Madirisha yake yamepakwa chokaa, mwanga unaingia lakini huoni nje. Ndani mna meza mia nne, na kila meza ina kompyuta moja yenye skrini tatu. Skrini ya kushoto ina majina ya waliokuwapo, ya katikati ina majina ya waliopo, ya kulia ina majina ya wanaotarajiwa. Kila skrini ina saa yake pembeni, na saa hizo hazijawahi kukubaliana. Mbwana, fundi wa kompyuta zote mia nne, aliweza kugeuza shingo kutoka kushoto kwenda kulia akazeeka, akairudisha akawa kijana, na hapo katikati asijue ana umri gani. Asubuhi nyingine alijinawisha uso akakuta ndevu nyeupe, asubuhi nyingine kidevu kitupu. Alikwisha kuacha kushangaa.

Katika mji huo mtu haanzi kuwapo kwa kuzaliwa. Anaanza kwa kuandikwa. Wala haishi kuwapo kwa kufa. Anaisha kwa kufutwa. Jina likifutwa kwenye skrini zote tatu, watu husahau kwanza sauti ya mwenyewe, kisha mwendo wake, kisha chakula alichokipenda, na mwisho kabisa uso. Hakuna tangazo, hakuna matanga, hakuna kahawa ya msibani. Kiti kinabaki kitupu, na kesho yake anakikalia mwingine.

Sikudhani, mke wa Mbwana, alifutwa.

Alikuwa mpiga chapa wa nyaraka. Mwaka mmoja, mwaka ambao skrini za kushoto zinautaja na za katikati zinaukana, ilitoka amri kwamba kila ofisi itundike sura ya Mkuu ukutani. Sikudhani alisomewa maneno: picha ya Mkuu ifungwe katika kila ofisi. Ilikuwa karibu na saa ya chakula na njaa ilikuwa inamsokota. Maneno mawili yakamponyoka, “picha ya.” Lau angeliacha kitenzi kilivyo, watu wangeliona kosa ni kosa, wakalisamehe. Lakini vidole vyake vilikuwa vimesoma. Mkuu ni mtu, na mtu haambiwi “ifungwe.” Vidole vikajisahihisha vyenyewe, na nakala mia nne zikatoka zimenyooka, sarufi haina hata doa: Mkuu afungwe katika kila ofisi. Askari mmoja wa lango, mtu mtiifu ambaye hajawahi kubishana na maandishi, alipanda mpaka mlangoni kwa Mkuu na pingu mkononi, akabisha hodi kwa adabu, akauliza aanze na ofisi ipi.

Watu walicheka siku moja. Siku ya pili hakuna aliyekumbuka alikuwa anacheka nini, na kiti cha meza ya saba kilikuwa kitupu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Juu ya kujikwaa vidole vyote kumi kwenye kibodi hawakuacha neno.

Kilichobaki ni picha moja. Mbwana aliificha mahali ambapo kila mtu anapaona na hakuna anayepatazama: kwenye skrini ya kufunga ya kompyuta yake mwenyewe. Mashine zile zina tabia yao. Ukizifunga, picha uliyoichagua hutokea kwenye skrini moja tu, nazo mbili hubaki nyeusi tititi. Ukisogeza kipanya kwenda skrini nyingine, picha hukifuata, na ile ilikotoka nayo huzimika. Basi hapo ndipo alipokuwa Sikudhani, na mtandio wake wa rangi ya ndimu, kalamu pembeni mwa mdomo, amegeuka nusu kama aliyeitwa na mtu, kicheko kimemfika midomoni na hakijatoka. Mbwana ndiye aliyeipiga picha hiyo. Siku gani, hakumbuki.

Sheria ya Jumba ilisema anayeinuka kitini lazima afunge. Kwa hiyo Mbwana alimwona mkewe anapoondoka tu. Akifungua, mke hupotea na kazi huja. Siku nyingine alifunga bila kuinuka. Alikaa, mkono juu ya kipanya, akakisukuma taratibu, na Sikudhani akatembea: akatoka kwa waliokuwapo, akapita kwa waliopo, akaingia kwa wanaotarajiwa, nyuma yake kunazimika. Kisha akamrudisha. Hakuwahi kumpata pote kwa wakati mmoja.

Na akiwa kwenye giza la kati ya skrini na skrini, anakuwa wapi? Mimi nikimfunga, ni nani aliye ndani, ni nani aliye nje? Mlango haujui. Mlango unajua kufungwa tu. Sauti yake imekwenda. Mwendo umekwenda. Alikuwa anakula nini mchana? Kitu fulani. Alikuwa anakula kitu fulani mchana, na mimi nilikuwa nakaa pale nikimwangalia anakila.

Hivyo ndivyo Mbwana alivyokuwa anajisemea siku ile Bi. Mauwa alipoingia na waraka.

Bi. Mauwa alikuwa msimamizi wa ghorofa na mtunza Kitabu cha Kauli. Mwanamke mnene, mpole wa uso, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Kitabu hicho alikibeba kwapani kutwa nzima, kwa sababu ilikuwa desturi ya Jumba kwamba kila neno linalotoka kinywani mwa Mkuu liandikwe papo hapo, kwa wino ule ule wa majina, na kikishaandikwa kitu humo hakuna mkono wa kukifuta, hata wa Mkuu mwenyewe. Likiwa ni jina la mtu, hupigiwa mstari chini, na jina lililopigiwa mstari huingia katika orodha ya waliopo jioni ile ile. Mwaka mmoja Mkuu alikohoa kwenye simu. Mwandishi wa zamu aliogopa kukosea, akaandika “Kho,” akapiga mstari. Hadi leo kuna Bwana Kho katika mji ule, analipa kodi, na juzi ameoa.

“Shikamoo, Bi. Mauwa.”

“Marahaba, mwanangu. Soma huo, usinisomeshe mimi, macho yangu hayataki.”

Waraka ulikuwa mfupi. Picha zote za zamani zifutwe. Sura ya Mkuu iwekwe katika skrini ya kufunga ya kila kompyuta, kwenye skrini zote tatu, kabla ya saa nane mchana.

Mbwana aliusoma mara mbili. Aliuliza swali la kifundi, kwa sababu fundi akiogopa hujificha nyuma ya ufundi wake. “Zote tatu?”

“Zote tatu. Imeandikwa.”

“Haiwezekani, Bi. Mauwa. Mashine inatoa picha kwenye skrini moja. Mbili zinabaki giza.”

“Mkuu hapendi giza.”

“Kwani mimi nalipenda?”

Bi. Mauwa alitazama mlangoni, kisha akainama. “Wiki iliyopita alipita ukumbi wa chini wakati wa chakula. Meza zote zimefungwa, watu hawapo. Kwenye vioo vile vyeusi akaona mzee anatembea naye bega kwa bega. Kila meza, mzee yuko. Akauliza, huyu mzee anayenifuata ni nani? Wale aliofuatana nao wakaangalia viatu vyao. Nani angemwambia? Sasa hataki skrini nyeusi tena katika Jumba lake.” Alikigusa Kitabu kwapani. “Nimeandika kitabuni: huyu mzee anayenifuata ni nani. Basi. Jibu halipo.”

Mbwana alianza kazi. Alifungua ukurasa wa mipangilio, akafungua mwingine uliokuwa nyuma yake. Aliambiwa achague picha moja, akachagua. Aliambiwa achague picha nyingi zipokezane, akachagua, zikapokezana pale pale kwenye skrini moja na kuacha majirani zake gizani. Alijaribu kuidanganya mashine kwamba skrini tatu ni moja. Mashine ikamkubalia alipokuwa anafanya kazi, alipoifunga ikamkana. Saa ya kushoto ilisema saa nne. Ya katikati saa sita. Ya kulia ilisema saa tisa na kwamba jambo lote lilikwisha pita, na Mbwana akaigeuzia uso.

Alitengeneza picha ndefu, Wakuu watatu wamepangwa bega kwa bega kama maharusi wa ndoa ya pamoja, akaifunga mashine aone. Ikatoka skrini moja, na Mkuu mmoja, yule wa katikati. Wale wa pembeni walikatwa.

“Wamekwenda wapi?” aliuliza Bi. Mauwa, ambaye alikuwa amevuta kiti.

“Hawajaenda popote. Wamo kwenye faili. Mashine inaonyesha katikati tu, kingo inajiwekea.”

“Wamo lakini hawaonekani?”

“Wamo lakini hawaonekani.”

Aliposikia mdomo wake mwenyewe ukisema hivyo, Mbwana alitulia. Wamo lakini hawaonekani. Alimtazama Bi. Mauwa aone kama naye amesikia. Bi. Mauwa alikuwa anapangusa miwani.

Tatizo la giza alilimaliza Bi. Mauwa mwenyewe, kwa akili ya watu wa ofisi. “Chapisha,” alisema. “Chapisha sura ya Mkuu kwenye karatasi, mia nane. Kila mtu abandike mbili kwa selotepu kwenye vioo vyeusi anapofunga, abandue anapofungua. Waraka umesema ziwe na sura. Haukusema sura iwe ya umeme.” Na printa za ghorofa zote zikaanza kunguruma, zikitoa uso ule ule, ujana ule ule wa miaka thelathini iliyopita, ukiwa bado na joto.

Ikabaki kufuta.

“Lazima nione,” alisema Bi. Mauwa. “Samahani, mwanangu. Waraka unasema msimamizi ashuhudie kila picha ya zamani inavyofutwa. Ya kwako pia.”

“Unajua ni nani aliye kwenye ya kwangu?”

“Sijui mtu.”

“Mlikuwa mnakaa meza moja, Bi. Mauwa. Ya saba.”

“Mimi nilikuwa nakaa meza ya saba peke yangu.” Alisema kwa upole, bila hasira, na kilichomuuma Mbwana ni kwamba alimwamini. Katika Jumba lile uongo ulikuwa kazi ya wachache. Wengi walisahau kweli.

“Nipe dakika tano niandae picha ya Mkuu. Kisha nitafuta mbele yako.”

Bi. Mauwa aligeuza kiti, akatazama dirisha lililopakwa chokaa kana kwamba kuna kitu cha kutazama. Mbwana akafanya upesi. Alichukua uso wa Mkuu akauweka katikati ya picha ndefu tupu, nyeupe. Mkono wa kulia aliacha patupu. Mkono wa kushoto akamweka Sikudhani, na mtandio wake na kalamu yake, akamtia kwa uangalifu mkubwa, mbali kidogo na bega la Mkuu, mahali ambapo makali ya skrini hayafiki. Akaifunga mashine ajaribu. Mkuu akatokea, peke yake, ameridhika. Mbwana akaisukuma picha hiyo kwa mashine zote mia nne za Jumba kwa amri moja.

Sasa yumo kila mahali, alijisemea. Katika kila meza, unene wa kidole tu nje ya macho. Watu watainuka kwenda kula, watafunga, na watamfungia ndani pamoja na Mkuu wao. Mia nne. Hakuna mtu katika mji huu mwenye mahali pengi hivyo pa kuishi. Na mimi sitamwona tena. Asiyeonwa na mtu hata mmoja, yupo? Mungu akimwona, inatosha? Inanitosha mimi?

Haikumtosha. Aliirudisha picha ya zamani kwenye mashine yake, akafunga. Sikudhani akatokea katikati. Kwa mara ya mwisho akamtembeza: kushoto, katikati, kulia. Aliona haya kulia mbele ya msimamizi, lakini machozi hayaombi ruhusa. Akamrudisha katikati, akamwacha asimame kidogo.

“Tayari,” alisema.

Bi. Mauwa aligeuka. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu kuliko waraka ulivyohitaji. “Mtandio mzuri,” alisema. Kisha Mbwana akabonyeza, mashine ikauliza kama ana hakika, akajibu kuwa ana hakika, na huo ndio uongo pekee aliousema siku ile. Picha ikafutwa. Katikati akakaa Mkuu. Bi. Mauwa akabandika karatasi mbili kwa selotepu, moja kushoto, moja kulia, akapiga hatua nyuma, na Wakuu watatu wakawatazama.

“Imekwisha,” alisema, akavuta pumzi. “Zote mia nne?”

“Zote.”

“Na ya Mkuu mwenyewe?”

“Nayo imo katika mia nne.”

“Vizuri. Ile ya kwake ndiyo nilikuwa naihofia, maana wamembadilishia. Skrini tatu wametoa. Wamemfungia moja tu, pana kama kitanda cha futi sita. Wanasema haikati picha hata kidogo, inaonyesha mpaka ukingo.”

Mbwana aliifungua mashine upesi, karatasi zikiwa bado zimebandikwa. Bi. Mauwa hakuelewa mara moja. Alimwona fundi amekodoa macho, akafuata macho hayo hadi kwenye mashine, akaona pale chini faili ndefu isiyokatwa, ndogo kama stempu: Mkuu katikati, na kushoto kwake kitu cha rangi ya ndimu. Kitabu kikamteleza kwapani. Alikidaka kwa goti.

“Mbwana. Umefanya nini?”

“Nilidhani hakuna atakayemwona.”

“Irudishe! Inarudishika?”

Ilirudishika. Kwenye skrini palikuwa na kitufe kilichoandikwa “Rudisha,” na chini yake dakika zilikuwa zinapungua. Zilibaki sita. Mkuu alikuwa mezani anakula na hurudi ofisini saa nane kamili. Amri moja tu, picha yote ivutwe kutoka mashine zote, ipelekwe nyingine, uso wa Mkuu na weupe. Sikudhani asibaki popote. Mbwana abaki na kiti chake, jina lake, mshahara, na ndevu zinazokuja na kuondoka.

“Bonyeza, mwanangu. Nakuomba. Watakufuta wewe, na mimi nimeshuhudia, watanifuta na mimi. Kwa ajili ya nani? Kwa mtu ambaye hata hayupo?”

“Unamkumbuka, Bi. Mauwa?”

“Nimekwambia simkumbuki mtu!”

“Mimi naanza kumsahau. Sauti imekwenda. Mwendo umekwenda. Sikumbuki hata alikuwa anakula nini mchana.”

“Maandazi ma...” alisema Bi. Mauwa, akajifunika mdomo kwa kiganja.

Mwanamke yule alikuwa amestuka kuliko fundi. Aliutoa mkono mdomoni akautazama, kama anayekagua kilichotoka. Macho yake yalijaa. Dakika zilibaki nne, kisha tatu. Mbwana aliweka kidole juu ya kitufe, kwa sababu alikuwa mwoga kama watu wengine na alipenda kuishi. Alikiacha pale. Kidole kilikuwa tayari, mkono ulikuwa tayari, ila yeye mwenyewe hakuwepo kuviamuru vibonyeze. Kitufe kikafifia, kikawa kijivu, kikazimika.

Kulibaki fomu. Kila kazi katika Jumba humalizika kwa fomu, hata ya kujiua. Taarifa ya utekelezaji, sentensi moja, sahihi chini. Mbwana aliandika: Picha ya Mkuu imefungwa katika kila ofisi. Aliisoma. Akafuta maneno mawili ya mwanzo. Vidole vyake, ambavyo navyo vilikuwa vimesoma, vikarekebisha kitenzi. Mkuu amefungwa katika kila ofisi. Akatia sahihi, akaipeleka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hiyo yote alikumbuka watu walikuwa wanacheka nini siku ile.

Saa za skrini zote tatu, mbili zikiwa nyuma ya karatasi, zilifika saa nane pamoja. Hakuna aliyeziona.

Simu ikalia.

Desturi ilikuwa hivi: anayeitwa ndiye anayejibu, sauti imewekwa wazi chumbani, na mtunza Kitabu anaandika. Bi. Mauwa aliketi. Alifungua ukurasa mpya, akachovya kalamu.

“Fundi,” ilisema sauti. Haikuwa sauti ya picha. Ilikuwa ya mtu mzima sana, aliyechoka, mwenye kohozi kifuani. “Huyu mwanamke aliyesimama kando yangu ni nani?”

Kalamu ya Bi. Mauwa ilikwaruza: huyu mwanamke aliyesimama kando yangu ni nani.

“Sikudhani, Mheshimiwa.”

“Hukudhani nini?”

“Sikudhani, Mheshimiwa.”

“Sikukuuliza umedhani nini na hukudhani nini. Nimekuuliza jina la mwanamke.”

“Ndilo jina lake. Alikuwa mpiga chapa wako. Meza ya saba. Ni mke wangu.”

Kwa mbali, ndani ya simu, walisikia kiti kikisogezwa, kama mtu aliyevuta kiti chake karibu na kioo kikubwa ili aone vizuri. Aliona nini, hatutajua. Huenda alimwona msichana ambaye kicheko chake kilikuwa hakijatoka, na kando yake kijana asiyemjua, mwenye uso aliokuwa nao zamani yeye mwenyewe. Huenda katika weupe wa upande wa kulia, ambako Mbwana hakuweka mtu, aliona kivuli cha mzee anayemfuata.

“Sikudhani,” ilisema sauti, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Kisha simu ikakatwa.

Bi. Mauwa aliandika. Neno likakaa peke yake kwenye mstari wake, na kalamu ikabaki juu. Mbwana alisimama nyuma ya bega lake na wote wawili walilitazama. Lilivyo, lilikuwa sentensi nzima. Mkuu wa nchi amekiri kwamba hakudhani. Ni neno la heshima hata, neno la mtu mzima mwenye majuto, na asiyelipigia mstari hana lawama, kwa sababu nani angejua? Ameandika kilichosemwa. Bila mstari ni majuto ya mzee mmoja. Kwa mstari ni mtu.

Ngazini kulisikika viatu. Vilikuwa vinapanda, kwa kuwa ngazi za Jumba hilo ni za kupandia tu, vizito, vya watu watatu au wanne, bila haraka. Mmoja wao alikuwa na kitu cha chuma kilicholia kila anapokanyaga.

“Bi. Mauwa,” alisema Mbwana, “huna lazima.”

Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaivaa, akauzungusha uzi sikioni. Alivuta mtoto wa meza, akatafuta chini ya karatasi, akatoa rula ya mbao iliyokwisha kufutika namba. Akailaza chini ya neno, akailinganisha, akaishika kwa vidole viwili ili isiteleze.

“Mawili,” alisema bila kuinua kichwa, akichora. “Maandazi mawili na chai ya mkandaa, bila maziwa. Na la pili siku zote aliniachia mimi.”